Alama ya Koki

Jumatatu nilikwama kwenye hodhi langu la kuogea. Magoti yaligoma, maji yakapoa, nikakaa humo kama gunia lililolowa mpaka binti yangu alipokuja saa sita mchana. Akasema basi, hodhi ling'olewe, iwekwe shawa. Nilibisha. Lile nililifunga mwenyewe, mimi fundi bomba wa miaka arobaini! Lakini baba aliyetolewa majini uchi na mwanawe atabisha mpaka lini?

Leo hodhi limetoka. Fundi kijana aliyeletwa na binti yangu akatoa futi kamba apime pa kufunga koki ya shawa.

"Rudisha mfukoni!" nikamfokea. "Koki haipimwi kwa futi. Atakayeifungua anyooshe mkono. Mkono unapofika, hapo ndipo unapiga alama."

Koki za nyumba zote nilizifunga hivyo.

"Haya mzee, nyoosha."

Nikanyoosha. Mkono ulifika kifuani, ukashuka wenyewe.

"Ngoja kwanza," nikasema, "nivute pumzi."

Fundi akabaki na penseli yake, akimtazama binti yangu. Binti akavua viatu, akasimama kando yangu, akanyoosha mkono wake.

"Piga hapa," akasema taratibu. "Mimi ndiye nitakayemwogesha."