Rangi ya Stata

Hakuwa na mlango wa karakana, ila turubai. Hakuwa na cheti, wala meno mawili ya mbele, wala goti la kulia la kuaminika. Na tangu mwezi wa tatu hakuwa na ndugu. Yaani alikuwepo, ila hawakusemezana, na kwa watu wawili waliobaki wa baba mmoja hilo halikuwa na tofauti kubwa.

"Fundi, hii ni mara ya tatu," alisema mkunga, akiisukuma pikipiki yake kuukuu hadi kivulini. Nyonga yake haikumruhusu kupiga kiki, alitegemea stata. "Inashika siku mbili, inagoma kumi. Jana nimekwenda kwa mzazi kwa miguu. Nafika, mtoto ameshatangulia, ananishangaa."

"Ni kaboni tu, mama. Siku hizi feki zimejaa."

"Mwezi wa tatu zilikuwa feki za mdogo wako. Ukanunua duka jingine. Nazo feki?"

Fundi alichukua spana. Aliifungua stata. Kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, bado vilikuwa virefu. Akaisugua shaba kwa msasa laini, akachokoa vumbi kwenye mifereji yake kwa ncha ya wembe, akapaka grisi kidogo kwenye bushi. Akaifunga, akaikanyaga chini, akaiunganisha na betri kwa nyaya mbili. Ikanguruma, ikataka kuruka. Akairudisha kwenye injini, akabonyeza swichi.

Tik. Kimya.

Mwezi wa tatu ilifanya vivyo hivyo. Siku ile alikwenda dukani kwa mdogo wake, kumejaa wateja, akazitupa kaboni juu ya kaunta. "Mtoto wa baba mmoja, unaniuzia makaa ya jikoni?" Mdogo wake alizikusanya moja moja. "Sawa, kaka," alisema. Wateja wakapungua. Baada ya miezi miwili duka likahamia mji mwingine.

Fundi aliketi kwenye kigoda. Chini inazunguka, juu haizunguki. Alichukua waya, akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine akaikwaruza kwenye mwili wa stata mpaka chuma kikaonekana.

"Bonyeza, mama."

Injini ikawaka.

Akaizima, akaing'oa tena stata. Umeme huiingia kwa waya mnene, lakini hurudi kupitia mwili wake wenyewe, pale chuma kinapokalia chuma. Pale palikuwa na rangi ya fedha, imepakwa mara mbili, laini kama ganda la yai, na rangi haipitishi umeme. Hakuna kifaa kilichotoka mikononi mwake bila kupakwa rangi. Ndiyo maana mtaa ulimwita Nadhifu. Alikwangua hadi chuma kikabaki uchi, akaifunga.

Mkunga alibonyeza. Ikawaka papo hapo.

"Ilikuwa nini?"

Angeweza kusema kaboni.

"Rangi."

"Ya nani?"

"Yangu. Tangu mwezi wa tatu."

Mkunga aliizima injini ili asikike vizuri. "Nyani haoni nanihii lake, Nadhifu."

"Haoni, mama."

"Basi mpigie simu."

"Hapokei. Halafu nilimtukana mbele za watu. Simu ataisikia peke yake. Barua anaweza kuibandika ukutani."

Barua ya kwanza ilijaa maelezo ya umeme ukurasa mzima, na mchoro. Aliisoma, akaona imeandikwa na mtu anayefundisha. Akaichana. Ya pili aliiandika kwa herufi kubwa, zisomeke na mtu aliyesimama mbele ya kaunta:

"Mdogo wangu, kaboni zako zilikuwa nzima. Nilipaka rangi pasipotakiwa rangi, nikakutukana wewe. Kaka yako."

Kule posta alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa dole gumba, akahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kama anayesubiri gundi ya pachi. Karani aliipiga muhuri bila kuitazama, akaitupa kwenye gunia nyuma yake.

"Kuna kingine, mzee?"

"Hakuna."

Akasogea pembeni kumpisha aliyefuata, akasimama mahali ambapo mdomo wa gunia bado ulionekana.