Baiskeli Isiyopumzika

Stumai alikuwa ameishika fremu kwa mikono miwili, uso kaugeuzia pembeni kukwepa cheche, huku fundi Leonidasi akichomelea gurudumu la nyuma. Baiskeli ilikuwa ya mkwewe, mzee Tharsisi. Miaka minne ilikuwa imeegemea ukuta, haina breki, na friwili imekufa: ukikanyaga, pedeli zinazunguka bure. Sasa Leonidasi aliifunga hiyo friwili isicheze tena.

"Sikiliza, shemeji," alisema akipachika mnyororo. "Hii haina kupumzika. Gurudumu likizunguka, na miguu inazunguka. Ukitaka kusimama, zishindilie pedeli zisiende. Miguu yako ndiyo breki. Ukisahau, itakukumbusha yenyewe."

"Itanikumbushaje?"

"Utaona."

Aliona siku hiyo hiyo. Kwenye kijiteremko cha kwanza alituliza miguu kwa mazoea. Pedeli ikamrusha hadi kwenye mihogo ya jirani. Akainuka anacheka, majani kichwani, akapanda tena. Alianguka mara tano. Alhamisi miguu ilishaelewa, naye akawa anazunguka uwanja wa shule akijiimbia.

Mzee Tharsisi alimtazama, akasema, "Nitakuachia, mkamwana, ila kwa sharti. Vijana wa baiskeli hunipita mteremkoni wakinitupia shikamoo kama wanafukuza nyani. Wewe siku utakayonipita bila kushuka, kuchuchumaa na kunipigia makofi kama mkwe anavyosalimiwa, inarudi ukutani."

"Nimesikia, baba."

Ikirudi ukutani, yeye anarudi kubeba ndizi kichwani hadi gulioni Nyakitonto, mkungu mmoja kwa safari.

Jumamosi alifunga mikungu miwili kwenye keria, akaondoka kwa furaha. Alipoanza kushuka mteremko mrefu ndipo akili ikamjia: siku zote amejifunza baiskeli ikiwa tupu. Mikungu ilimsukuma, pedeli zikamkimbiza miguu kama mtu anayetwanga kwa haraka. Na pale katikati, fimbo mkononi, mzee Tharsisi alikuwa anapanda.

Stumai alishindilia. Mapaja yakawaka moto. Baiskeli ikapunguza, ikapunguza tena, lakini ilishamfikia mkwewe. Alimpita. Hatua moja, tano, kumi. Ya kumi na mbili, ikasimama.

Akashuka akihema. Akaigeuza baiskeli, akaisukuma kupanda, ndizi na yote, mpaka miguuni pa mzee. Akailaza ukingoni, akachuchumaa, akapiga makofi polepole.

"Mwakeye, baba."

Mzee aliitikia salamu yote, ya nyumbani, ya watoto, ya mashamba, hakuruka hata moja. Kisha akasema, "Umenipita."

"Nimekupita, baba."

"Hatua kumi na mbili. Nimehesabu."

"Ni kweli. Ndizi zilikuwa na haraka kuliko mimi."

Mzee alicheka kwa pua, akajikaza asicheke zaidi. "Wale vijana wamenipita miaka yote. Hakuna aliyewahi kurudi." Akaishika keria, akamsaidia kuinua. "Panda, gulio litakwisha. Na Jumamosi ijayo nitapita njia ya chini, kule tambarare. Tusalimiane vizuri."

Stumai akapanda, na miguu ikaanza kuzunguka kabla hata hajaiambia.