Shule Isiyo na Kuta

Mama mwenzangu, kama binti yako ameanza kusema anataka kuwa mwalimu, soma haya kabla hujafungua mdomo.

Mwanangu Saimi alikuwa akishikilia nafasi ya mwalimu mgonjwa katika shule mpya ya hapa kwetu Kainuu, mkoa wa theluji. Shule yenyewe haina madarasa. Walivunja kuta, wakatandika zulia, wakamwaga mito ya kukalia, eti mtoto ajiongoze mwenyewe. Watoto wanazagaa na soksi ukumbini, kila mmoja na kompyuta yake, na walimu nyuma yao kama wachungaji waliopoteza mbwa.

Siku ninayoisema, maombi ya chuo cha ualimu yalikuwa yanafungwa saa tisa alasiri. Asubuhi Saimi alikunywa kahawa tupu, mkate hakuugusa.

"Tafuta kazi benki," nikamwambia.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Naendelea na ya jana."

Akasukuma kikombe. "Haya, furahi. Nimewachoka watoto wale. Siombi."

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeshinda.

Mchana akarudi na ndala za ndani, amekata theluji nazo kutoka shuleni, vidole vimekuwa vyeupe. Kwetu hakuna anayeingia shuleni na viatu; buti hubaki mlangoni. Za kwake watoto walizijaza maji wakaziacha nje. Alizibeba mikononi, zimeganda kama mawe mawili.

"Nitaziyeyusha kwenye joto la sauna," akasema. "Yaishe."

"Yaishe? Ingia kwenye gari!"

"Mama, nakuomba, usiende."

Nikazinyakua buti, nikawasha gari. Akaingia ili anizuie, lakini nani wa kunizuia mimi?

Mwalimu mkuu, Jarkko Tiainen, alitupokea na soksi zake za sufu. Ofisi hana, naye alivunja kuta zake. Tulisimama katikati ya ukumbi, watoto wametuzunguka.

"Tutakaa duara," akasema, "tuwaulize watoto walihisi nini."

"Uliza miguu ya mwanangu ilihisi nini!"

"Hapa hatutafuti mkosaji, mama. Tunatafuta sababu."

"Sababu ni wewe, bwana! Umewaachia watoto shule, wewe umebaki na soksi."

Watoto wakubwa wakacheka. Mmoja akaniigiza sauti. Hapo nikaibamiza buti mezani, barafu ikaruka huku na huku, nikapaza sauti kama mwalimu wetu wa zamani, yule wa shule ya msingi, ambayo ndiyo shule pekee niliyosoma:

"Simameni! Wote!"

Wakasimama. Ukumbi mzima, maana hapakuwa na ukuta wa kuizuia sauti yangu. Kimya. Msichana mmoja mdogo, ambaye hata hakuwa karibu na buti zile, akaanza kulia.

Saimi akaenda akapiga magoti mbele yake. "Usiogope. Huyu si mwalimu. Ni mama yangu tu, na hata mimi hunipigia kelele hivyo hivyo."

Mtoto akacheka na kamasi zake. Mimi sikucheka.

"Umeona walivyonyamaza?" nilimwambia Saimi garini.

Alikuwa ametoa simu, vidole vinakimbia.

"Unafanya nini?"

"Naomba chuo."

"Baada ya haya yote?"

"Kwa ajili ya haya yote. Jarkko hawezi kumwambia mtoto acha. Wewe huwezi kumwambia neno bila kumtisha. Na kila mmoja wenu anajiona ndiye shule."

Akabonyeza. Saa tisa ilikuwa haijafika.

Alichaguliwa. Akahamia mji wa Joensuu kusoma, na nikipiga simu hupokea akiwa na haraka. Bado nasema kazi ile itamla. Sasa wameanza kuzirudisha kuta; kesho watazivunja tena, na matofali yatamwangukia mwalimu.

Lakini binti anayesita, mwache asite. Wangu alikwisha kukataa. Mimi ndiye niliyempakia kwenye gari langu, nikampeleka mpaka akakubali.