Kiuno cha Bibi Harusi

Aliyepiga ukelele kwanza ni Shangazi. Alikuwa ameinua kipande cha hariri kilichotoka tu kwenye mashine ya kukata nguo, macho yamemtoka pima.

"Hiki kiuno cha nani?"

Bibi harusi alikichukua akajizungushia. Kikagoma ubavuni, ncha mbili hazikuonana kabisa. Alikuwa mwanamke wa mwili, na hakuwahi kuuonea haya mwili wake, lakini sasa alisimama katikati ya karakana ya ushonaji mdomo wazi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Mashine hiyo ilikuwa fahari ya Shangazi. Unaiingizia vipimo kwenye kompyuta, yenyewe inakata. Programu yake iliandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, na binti wa kaka yake, mdogo wa bibi harusi, ambaye nyumbani walimwita Mtundu tangu alipoifungua redio ya baba yake akashindwa kuirudisha. Asubuhi ile Mtundu aliingiza vipimo vya dada yake, akavikagua pamoja na Shangazi, vikawa sawasawa. Kisha akamwita mdogo wao wa mwisho, mpambe wa bibi harusi, mwembamba hadi wakambandika jina la Sindano. Kwa kuwa Sindano na dada yao walilingana urefu, mabega na mikono, Mtundu aliongeza mstari mmoja kwenye programu ili kunakili vipimo vya dada, akamwachia Sindano aandike mwenyewe kifua, kiuno na nyonga.

"Sindano," bibi harusi alisema, "wewe ndiye uliyekaa hapo mwisho."

"Niliandika vyangu, dada. Vyangu tu!"

"Vyako vimefikaje kwenye gauni langu? Tangu nichumbiwe umeninunia. Kumbe ulikuwa unaningojea hapa!"

Machozi yalimlengalenga Sindano mbele ya mafundi wote waliokuwa wameacha cherehani zao.

"Ngojeni kwanza," Mtundu alisema. Aliweka vipimo vya ndugu zake wawili ubavu kwa ubavu kwenye skrini. "Sindano, hebu andika kiuno chochote hapo upande wako."

"Nisije nikasingiziwa tena."

"Andika, mama. Wote tunaona."

Sindano akaandika kwa kidole kimoja. Palepale, upande wa bibi harusi, ambao hakuna aliyeugusa, kiuno kikabadilika kikawa kilekile.

Mkasi ulimponyoka Shangazi. "Nani kakigusa?"

"Hakuna," Mtundu alijibu. Aliufungua mstari wake wa asubuhi akausoma kana kwamba umeandikwa na adui:

Vipimo sindano = bibiHarusi;

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani nimenakili. Sikunakili kitu. Mstari huu hautengenezi vipimo vipya, unavipa vilevile jina la pili."

"Sema tukuelewe," Shangazi alifoka.

"Shangazi, wewe unaniita Mtundu, mama ananiita mwanangu. Ukimnyoa Mtundu kipara, mama atamkuta mwanawe ana nywele?"

Fundi mmoja akaguna. Bibi harusi hakucheka. Alikuwa anamtazama Sindano.

Mtundu alifuta mstari ule, akaandika mwingine wa kuunda vipimo vipya kabisa na kuhamishia ndani yake kipimo kimoja kimoja, kisha akavirudisha vya dada yake kama vilivyokuwa asubuhi. Sindano akaandika tena. Safari hii upande wa dada haukutikisika. Lakini hariri haikurudi kuwa nzima. Duka lilikuwa limeishiwa hariri ile, na kilichobaki mezani ni kipande cha gauni la Sindano, hakijakatwa bado, kifupi, kisichotosha ule mkia mrefu ambao bibi harusi aliutaka uburuzwe nyuma yake.



"Mdogo wangu, nimekukosea," bibi harusi alisema.

"Umenikosea mbele za watu."

"Basi nakuomba radhi mbele za watu haohao. Naomba na hariri yako. Mkia nitauacha."

Sindano alijifuta uso kwa kiganja. Aliinyanyua hariri yake, akaitandaza kwenye mashine, akarudi nyuma. Shangazi hakuthubutu kubonyeza kabla hajachukua futi yake ya shingoni na kumpima upya bibi harusi, huku akilinganisha na skrini kwa sauti. Kisu cha mashine kilipotulia, bibi harusi alijizungushia kipande kipya. Ncha zikaonana, na nafasi ya kupumua ikabaki.

Mtundu alikaa chini kwenye gunia la vitambaa.

Kile kipande cha kwanza, kilichomkataa dada, kilimkaa Sindano kama amezaliwa nacho. Alijitazama kwenye kioo bila kutabasamu. Bibi harusi akaja nyuma yake, pini mdomoni, akaanza kumbania mshono wa ubavuni taratibu, asimchome.