Swali la Pili

Jumanne, saa nne asubuhi, Habiba aliazima ndoo kwa mzee Andongwisye, akaijaza maji nusu, akaiweka uani karibu na kichanja cha kuanikia kakao. Ndani ya ndoo akatumbukiza kijicho cha plastiki cha kupimia maji, chenye waya mrefu. Waya uliishia kwenye sanduku la kijivu lenye king'ora, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa limening'inia kwenye nguzo kando ya mto, likiwalinda watu wa Ikolo na mafuriko. Akabonyeza swichi. Sanduku likawaka, likakaa kimya.

"Linasema hakuna maji," alisema, macho kwenye laptopu.

"Ndivyo lilivyosema hata siku ile," Andongwisye akajibu.

Siku ile ilikuwa ya Aprili. Mvua ilinyesha siku nne kule milimani Ukingani, mto ukashuka na magogo yake, ukaingia nyumba kumi na moja, ukamchukua mtu mmoja tu: Prisca, mke wa Andongwisye. Baada ya wiki tatu ripoti ikatoka wilayani. Andongwisye aliishia darasa la nne, ila mstari ule aliusoma mwenyewe, kwa kidole, mpaka ukamkaa kichwani: king'ora kililia, marehemu alipuuza. Tangu hapo alitaka kitu kimoja duniani, mstari ule ufutwe. Prisca hakuwa mtu wa kupuuza. Mchungaji akisema ibada ni saa tatu, yeye saa mbili na nusu yuko kwenye benchi.

Waliofunga sanduku walishaondoka na magari yao, mradi umekwisha. Wakubwa wa wilaya walikuja kulikagua baada ya mafuriko, siku ya jua kali, likalia vizuri, wakapiga picha, wakala kuku wa Andongwisye, wakaenda zao. "Jua likiwaka hata mimi nalia vizuri," alikuwa akiwaambia watu. Ndipo akaenda Kyela mjini kumfuata Habiba, fundi wa simu na sola, ambaye babu yake alikuja kutoka Pangani na mzigo wa kanga, akapapenda, asirudi. Habiba alisomea mitambo Mbeya, na alikuwa na mdomo wa kuwaambia wazee ukweli bila kuwavunjia heshima.

Alimweleza kwamba ndani ya sanduku mna programu, na kwamba programu ile waliiandika watu wasiojuana, wa nchi mbalimbali, wakaiacha wazi mtandaoni. Anayetaka anaisoma. Anayeona kosa anarekebisha, na wenzake wakiridhika kosa linafutwa kila mahali.

Andongwisye akauliza ofisi gani inatunza ufunguo. Hakuna ufunguo, akajibiwa. Akauliza tena, kwa namna nyingine, akajibiwa vilevile. Kwa miaka sitini na minane hakuwahi kuona mali ya umma isiyo na kufuli.

Saa kumi alasiri Prisca alikuja, kama alivyokuwa akija kila siku tangu azikwe. Alikuja kwa njia ya shambani, matope yamemfika magotini, nguo inachuruzika. Bata wakampisha. Habiba akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika marahaba. Andongwisye akamwuliza palepale, kabla hajavuka kizingiti, swali alilomwuliza kila siku:

"Prisca, kile king'ora kililia?"

"Kwema tu," Prisca akasema.

Akasimama kidogo, akageuka, akaondoka kwa njia ileile. Pale aliposimama pakabaki kidimbwi, na ndani yake samaki wadogo wawili. Andongwisye akawazoa kwa kata, akaenda kuwarudisha mtoni. Ndiyo kazi yake ya kila jioni.

Aliporudi alimkuta Habiba amefunga laptopu.

"Baba Gwamaka, nikuambie kitu, usinichukie. Mgeni hajakaa, hajanawa, hajapewa hata maji, wewe unamhoji mlangoni kama askari wa kizuizi cha barabarani. Akujibu nini?"

"Siyo mgeni yule. Ni mke wangu."

"Aliyetoka mbali ni mgeni. Na mgeni ukimwuliza habari za atokako, la kwanza atakwambia kwema. Hata kama kuna msiba. Hadi akae."

Andongwisye alikasirika, akatoka, akaenda kusimama chini ya michikichi. Aliporudi hakuzungumzia habari za mkewe. Alinyoosha kidole kwenye sanduku.

"Na wewe hicho unakihojije?"

Habiba hakumwelewa. Basi mzee akaeleza. Nguzo ilikuwa shambani kwake, sanduku ameliangalia miaka miwili, hakuna aliyewahi kumwuliza. Lina taa mbili. Nyekundu ni ya kijicho kikiamka, kijani ni ya sanduku likiuliza. Siku za jua nyekundu hutangulia. Mvua ikishika siku tatu, sanduku huzimika lenyewe na kuwaka tena, na hapo kijani ndiyo hutangulia. "Linamwuliza mtu aliyelala," alisema. "Linajibiwa kwema, linaridhika."

Habiba akafungua laptopu. Alisoma mpaka kuku wakaingia bandani. Ilikuwa kweli. Mstari wa kuuliza waliuweka juu ya mstari wa kuamsha. Betri ikiwa imeshiba, kijicho huamka chenyewe na kosa halionekani. Betri ikichoka na mawingu, kijicho hungoja kuamshwa, na swali hukipita kikiwa usingizini. Kikijibu sifuri, sanduku haliulizi tena. Kwenye kumbukumbu za sanduku ilikuwemo hata ile asubuhi ya Aprili, saa mbili na dakika nane: limeamka, limeuliza, limejibiwa hakuna maji. Na chini yake: king'ora, hakijalia.

Andongwisye aliomba asomewe mara tatu. Kisha akakumbuka: saa mbili na robo ya asubuhi ileile alikuwa mjini ghalani kwenye foleni ya kakao, na alimpigia Prisca simu. Alisema, "Kwema huko?" Prisca akasema, "Kwema tu." Yeye akasema, "Haya," akakata, foleni ilikuwa imesogea.

Kesho yake, saa kumi, aliweka kigoda mlangoni. Prisca alipofika, Andongwisye hakumwuliza kitu. Alimkalisha. Akamletea beseni, akamnawisha miguu yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, na matope yalipotoka akaona lile kovu la jembe alilokuwa amelisahau. Akampa kikombe cha chai na ndizi mbivu. "Ndaga," Prisca akashukuru. Wakakaa. Habiba aligeukia kazi yake, akawapa mgongo.

"Huko kwema?" Andongwisye akauliza.

"Kwema tu."

Safari hii akasubiri hadi chai ikafika nusu.

"Na wewe mwenyewe, mama Gwamaka?"

Prisca alikiweka kikombe chini. "Uliponipigia maji yalikuwa kizingitini. Nilitaka nikusalimie kwanza, halafu nikwambie."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Walituambia mkutanoni tusitoke mpaka king'ora kilie, tusije tukaleta vurugu. Nilikaa kitandani na kile kibegi cha vyeti, nasubiri kilie."

Andongwisye akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, wa kawaida. Prisca akamaliza chai, akaomba ndizi nyingine.

Alhamisi Habiba alihamisha mstari wa kuamsha akauweka juu, chini yake akaandika sanduku lisubiri sekunde tatu, liulize, lisubiri, kisha liulize tena. Ili alijaribu, akalifungia betri iliyochoka, akakitumbukiza kijicho ndooni. King'ora kikalia hadi ng'ambo ya mto. Watu wa Ikolo wakabeba watoto, mikeka na mbuzi, wakapanda kwenye mwinuko wa kanisa, wakakaa robo saa, wakashuka. Hakuna aliyenung'unika. Bibi mmoja alisema kimechelewa miezi sita lakini sauti ni nzuri.

Jioni hiyo sanduku likarudishwa nguzoni, na rekebisho likatumwa mtandaoni. Jumamosi likajibiwa na mtu wa nchi yenye theluji: limepokelewa, asanteni, nani aligundua kosa? Habiba akamwuliza mzee waandike jina gani. Akataja la mkewe. Sasa kila sanduku la aina ile, popote lilipo duniani, lina mstari unaosema kwamba utaratibu wa kuamka ulisahihishwa na Prisca wa Ikolo.

Jumatatu Andongwisye alivaa koti la kanisani, akaenda wilayani na karatasi alizochapiwa na Habiba. Karani alimpokea vizuri, akampa kiti. Alisoma zote, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kosa limeonekana wazi kabisa. Ila ripoti ilishafungwa, na iliyofungwa haifunguliwi. Akazigonga karatasi mhuri wa kupokelewa, akaziweka kwenye kabati, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Andongwisye alimwambia kwamba wapo watu wasiomjua kabisa waliolifuta kosa lao kwa siku mbili. Karani akasema hao hawana ofisi.

Alifika nyumbani saa kumi imepita. Prisca alishafika, amekaa kigodani, na beseni la maji ameshalitoa. Alimvuta mumewe akae, akamvua viatu.

"Huko wilayani kwema?"

"Kwema tu," Andongwisye akasema.

Prisca akamnawisha mguu mmoja, akamnawisha wa pili, akaukausha kwa ncha ya kitenge chake, ambacho kililowesha tena, akaanza upya. Bata wakapita. Kule nguzoni taa nyekundu ikawaka, na baada ya kitambo, ya kijani.

"Na wewe mwenyewe, baba Gwamaka?"

"Bado wanasema kililia," akamwambia.