Nyongeza ya Tarique

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ijumaa ile zilimwangukia Tarique, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Kesho yake ilikuwa arusi ya Yara, binti wa mwisho wa mama mkubwa Awa. Kilo sitini za nguru na changu, chakula cha arusi nzima, zilikuwa kwenye chumba cha baridi cha kikundi cha kina mama hapa Quionga. Radi ya usiku ikaunguza kile kikompyuta kidogo kinachoendesha mashine ya baridi. Barafu iliyobaki ingedumu mpaka alasiri, basi.

"Dalila mwanangu, usiniache niaibike mbele ya wakwe," aliniambia mama mkubwa. Samaki aliwaahidi yeye, kwa mdomo wake.

Kibandani kwangu ninapotengeneza simu nilikuwa na kikompyuta kingine. Tatizo ni keneli yake, yaani kile kiini kinachoiamsha mashine na kusema na vifaa vyake: haikukijua kipimajoto chetu. Ilibidi niijenge upya kwenye laptop, kazi ya saa tatu. Saa mbili asubuhi nikamwandikia Tarique, kaka yake Yara, amri kwenye karatasi aichape yeye, nikaenda kufunga nyaya. Kwenye amri ile palikuwa na alama -O2. Hiyo inaiambia kompaila, programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ijitahidi kiasi gani kuharakisha kazi.

Saa tano nikarudi, keneli tayari. Naiingiza kwenye kikompyuta, inakataa. Nafasi ni megabaiti nne, yenyewe nne na nusu.

Nikaitazama amri aliyoandika. -O3.

"Tarique, hii tatu imetoka wapi?"

"Nimekuongezea moja, dada," alisema, katulia kabisa.

Tarique anauza mchele na maharage. Akishajaza kopo lazima atie na konzi moja juu, nyongeza, ndivyo alivyolelewa na baba yake dukani. Mteja akiondoka bila nyongeza, Tarique halali vizuri. Basi kaona mbili, katia moja juu.

Nilimsema mpaka majirani wakatoka nje. Nikamwambia kwenye tatu kompaila inarudiarudia vipande vya programu ili mashine isihangaike kwenda na kurudi, kwa hiyo keneli inanenepa. Nikamwambia mbili ingeingia bila shida, na samaki wa dada yake wakioza ni yeye. Mama mkubwa akaenda kufunika samaki kwa magunia yenye maji.

Safari hii nikaweka -Os, inayobana kila kitu kiwe kidogo, nikakaa mwenyewe mbele ya laptop. Saa nane na nusu keneli ikatoka: megabaiti tatu na robo tatu. Ikaingia. Kikompyuta kikawaka, kikasoma joto, na mashine ikaanza kunguruma. Barafu ilikuwa imebaki vipande vya kuhesabu. Mama mkubwa aliegemea mlango akalia kidogo, kisha akanituma nikanunue vitunguu.

Ningeachia hapo ningekuwa na heshima yangu. Lakini nilitaka nimthibitishie Tarique, hivyo jioni ile nikaijenga tena kwa -O2, kama nilivyoandika mimi mwenyewe. Megabaiti nne na kidogo juu. Isingeingia. Saa tano ile ile ningekwama vilevile, tena bila mtu wa kumtupia lawama.

Nililala vibaya. Arusini mimi ndiye niliyekuwa nagawa samaki, na Tarique alipofika na sahani yake nilimwambia mbele ya mama yake na majirani wale wale: "Ile mbili yangu nayo ilikuwa kubwa mno. Kosa lilikuwa langu, na nilikuonea. Nisamehe, ndugu yangu."

Nikamwekea vipande viwili vya nguru. Hakuondoka. Sahani akaiacha pale pale mbele yangu, ananitazama.

Nikamtia na cha tatu.