Muuaji wa Kitabu cha Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili Nives Cattaruzza na Ondina Besenghi waliandika pamoja riwaya za upelelezi, hapa Trieste, jikoni kwa Ondina. Kazi waliigawana: Ondina alibuni mauaji, Nives akaandika. Jina la muuaji Ondina hakulitaja mpaka ifike sura ya mwisho.

"Nikikwambia mapema utalitoboa," alikuwa akisema. "Wewe huna kifua, na kalamu yako pia haina."

Kitabu cha kumi na mbili kilipofika sura ya kumi na nne, Ondina alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, ulimi nao ukakataa.

Mchapishaji wao, Bwana Gherbaz, alivumilia wiki tatu, kisha akapiga simu kutoka Milano. "Bi Nives, poleni sana. Lakini muuaji ni nani?"

"Njoo umuulize mgonjwa!" Nives akamjibu, akakata simu. Halafu akaona haya, maana swali hilohilo lilikuwa likimkosesha raha.

Kesho yake akaenda hospitali na orodha ya watu wote waliomo kitabuni. Akaushika mkono mzima wa mwenzake.

"Nasoma majina. Nikimtaja mwenyewe, nifinye."

Akamtaja wakili. Kimya. Mjane wa mfamasia. Kimya. Padri, nahodha, hata mpishi aliyekufa sura ya tatu. Hakufinywa.

"Shoga, wamekwisha! Unataka nikulete na wewe kitabuni?"

Ondina akauchomoa mkono, akaunyanyua kwa taabu, akamgusa Nives begani.

"Mimi? Ndimi niliyeua? Hebu acha utani."

Ondina akamgusa tena, machozi yakimtiririka. Nives akakumbuka jinsi mwenzake alivyozichukua sura zake kila Ijumaa, akazisoma mara mbili tatu, na ndipo siku moja akamtaja muuaji.

"Ulikuwa hujui," akasema taratibu. "Miaka yote hiyo. Ulikuwa unamtafuta kwenye kurasa zangu."

Ondina akautafuta mkono wake, akaufinya.

Nives alipandwa na hasira kwanza. "Na mimi nakusifu mjini kwamba una akili ya kichawi! Mwongo mkubwa we!"

Nusu ya uso wa Ondina ikacheka. Nives naye akacheka, kisha akalia mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Sura zilizobaki aliziandika palepale kando ya kitanda, akimsomea aya kwa aya. Penye aya mbaya Ondina aligonga chuma cha kitanda, na Nives akaifuta bila ubishi. Muuaji akatokea kuwa mjane wa mfamasia. Alikuwa amekaa wazi tangu sura ya pili, na mwandishi wake hakumwona.

Ondina alifariki mwezi Machi, siku nne baada ya kusikia mstari wa mwisho. Gherbaz akaomba kitabu kingine, kwa jina la Nives peke yake.

"Kuandika naweza," Nives alimwambia. "Lakini nani atanionyesha nilichoandika?"